Kipushi ni Mji wa Nani?



Udongo wa Kipushi ni wa Walamba. Jamaa zao wako ng'ambo ya mpaka, kwani mpaka walikata wazungu. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilitaka mikono. Ikaleta watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na wa Kasai, na wa Ruanda-Urundi. Toka mwaka wa 1928 ikataka waje na wake zao, wazae kambini. Wazungu walikaa kwao, weusi kwao. Baba zetu waliandikwa kwa kabila, kama magunia! Lakini shimoni nani aliuliza kabila la mwenye kushika taa?

Mwaka wa 1957 Elisabethville ilipiga kura, na waburugumestri weusi wengi walitoka nje ya Katanga. Hapo neno "mgeni" likapata moto. Mwaka wa 1992 stesheni ya Likasi ilijaa Wakasai na vyombo vyao, wakingoja treni. Wengine walizaliwa Katanga.

Basi mtoto wa kambi, baba Mluba wa Kasai, mama Mlamba: mtamwandika mgeni wa wapi?