Nguruwe, beseni na homa ya ini aina ya E

Msikilizaji, homa ya ini tunayoisikia sana ni aina ya B. Aina ya E haitajwi mara nyingi, ingawa Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inaambukiza watu wapatao milioni 20 kila mwaka. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki kadhaa za macho ya manjano na mkojo mweusi. Hatari kubwa iko kwa mjamzito: akiugua katika miezi mitatu ya mwisho, vifo vinaweza kufikia robo ya wagonjwa. Virusi hivi vina koo kadhaa. Baadhi hupita kwa binadamu tu, kutoka kinyesi hadi maji ya kunywa. Nyingine hukaa ndani ya nguruwe bila kumdhoofisha, kisha humfikia mtu kwa nyama au ini lisiloiva. Ndiyo maana nasema Mbinga na mwambao wa Nyasa, huku mkoani Ruvuma, Tanzania, zisipime mifugo peke yake wala watu peke yao.

Huku nguruwe ndiye ada ya shule na mbolea ya shamba, na sitaki alaumiwe bure. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu tegu la nguruwe katika Wilaya ya Nyasa ulikuta dalili za tegu katika damu ya nguruwe wapatao theluthi moja. Nguruwe hapati tegu hilo mpaka ale mayai yatokayo kwenye kinyesi cha mtu. Takwimu hiyo haithibitishi homa ya ini, ila inaonyesha kwamba kinyesi cha binadamu kinafika kisipotakiwa, na kinachomfikia nguruwe aliyeachiwa kuzurura kinaweza kufika kisimani pia. Tena afisa mifugo akichanja nyama huviona vipunje vya tegu kwa macho. Virusi havioni, hata ini likiwa limejaa navyo. Mteja wa kitimoto anayependa ini liguswe na moto tu hana wa kumwonya.

Atakayepinga atasema: mlipuko mkubwa wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ulioanza mwaka 2007 na ambamo watu zaidi ya 10,000 waliugua, haukuletwa na nguruwe. Ni kweli, ulikuwa wa ukoo wa binadamu. Watafiti waliofuatilia wagonjwa walitaja kunawa mikono katika beseni moja na kuhifadhi maji ya kunywa katika vyombo vyenye mdomo mpana. Beseni hilo tunalijua sote, linavyozungushwa msibani hadi maji yanabadilika rangi. Ila pingamizi hilo ndilo linalonipa nguvu: mwenye macho ya manjano hakuambii ameugua ukoo upi, na bila kujua, mganga mkuu wa wilaya atachimba kisima pale palipohitaji banda la nguruwe, au kinyume chake.

Lipo pia suala la gharama. Damu ya mjamzito tayari inachukuliwa kliniki, na nguruwe wanachinjwa kila wiki. Sampuli zipo, kinachokosekana ni kuzipeleka maabara kwa pamoja. Serikali imekwisha kuanzisha dawati la Afya Moja, la kuunganisha afya ya watu na ya wanyama, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Daktari wa mifugo na mkunga wa Liuli au Lituhi, huku Nyasa, wangeanza kwa kupeana majibu.