Kizuri Hakijiuzi Ugenini



Wafanyabiashara wetu wadogo wana kauli wanayoipenda: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muulize mama anayesaga unga wa lishe kwa nini hajaomba alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndivyo atakavyokujibu. Wateja wangu wananijua, atasema, na unga wangu hauvuki Ijumaa haujaisha. Na ni kweli. Mtaani kwake anaaminika. Majirani wanamwona akipepeta ulezi, wanajua anakonunua mahindi, na unga ukiwa na kasoro wanajua mlango wa kubisha.

Lakini biashara inayotaka kukua haina budi kutoka mtaani. Itamfikia mnunuzi wa Mwanza, au wa Nairobi, ambaye hajawahi kumwona mama huyo na hatamwona maisha yake yote. Huyo hana mlango wa kubisha. Alicho nacho ni pakiti mkononi. Ugenini kizuri hakijiuzi, kinataka shahidi. Cheti cha ubora ndicho shahidi huyo, ila ushahidi wake hauna uzito kama nyuma ya pakiti hakuna kazi iliyofanyika.

Tubaki na huo huo unga wa lishe: mahindi, karanga, soya na ulezi. Mahindi na karanga ndizo zinazoshambuliwa sana na sumukuvu, sumu inayozalishwa na ukungu pale mazao yasipokaushwa vizuri au yakilundikwa kwenye unyevu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mama mwenye uzoefu wa miaka mingi, anayetambua mahindi makavu kwa kuyatafuna tu, hawezi kuigundua. Inagunduliwa kwa kipimo cha maabara, na inazuiwa kwa utaratibu unaofuatwa kila siku.

Na utaratibu huo unaanzia kwenye daftari. Mkaguzi akifika hataanza kwa kuonja uji. Atauliza gunia hili limetoka kwa nani, lilipokelewa tarehe ngapi, na unyevu wake ulikuwa asilimia ngapi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Atatazama kama magunia yamewekwa juu ya chaga na hayajagusa ukuta. Kisha atachukua pakiti moja, asome namba ya bechi, aombe kuonyeshwa karanga zilizoingia kwenye bechi hiyo zilinunuliwa wapi na lini. Kama majibu yote yamo kichwani mwa mama, na mama amekwenda msibani Iringa, siku hiyo kiwanda hakina majibu.

Nadhani hapa ndipo biashara nyingi ndogo zinapodumaa. Mwenye mali ndiye mpimaji, ndiye mchanganyaji, ndiye mkaguzi. Akiugua, kazi inasimama. Akiajiri vijana wawili ili azalishe zaidi, unga wa Jumatatu unatoka laini na wa Alhamisi una chenga, kwa sababu kila mmoja anapima kwa kopo lake. Siku atakapoandika uwiano wa mchanganyiko, akabandika ukutani hatua za usafi, na kila bechi ikawa na saini ya aliyeisimamia, ndipo anapoweza kusafiri akarudi na kukuta unga ule ule. Cheti kinamlazimisha kufanya kazi hiyo ambayo asingepata nafasi ya kuifanya.

Faida nyingine huonekana siku ya balaa. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Balaa kama hilo likimfika mwenye kumbukumbu, anaweza kusema tatizo liko kwenye bechi hii, akaziondoa sokoni pakiti za bechi hiyo pekee. Asiye na kumbukumbu atarudisha mzigo wote, na pengine hatainuka tena.

Halafu kuna mpaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu ikiwa hiyo hiyo sumukuvu. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Wakulima na madereva walijifunza kwa hasara kwamba mzigo mzuri usio na uthibitisho, mbele ya ofisa wa forodha, hauna tofauti na mzigo mbaya. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango inataka nchi wanachama zitambuane alama za ubora. Maana yake bidhaa yenye alama ya TBS haipaswi kupimwa upya ikifika mpakani Namanga. Alama moja, soko la nchi kadhaa.

Najua jibu litakalofuata: gharama. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia. Mjasiriamali mdogo wa Tanzania akipata barua ya utambulisho kutoka Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, serikali humbebea gharama za kuthibitisha bidhaa yake TBS katika kipindi cha mwanzo. Na tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulipohamishiwa TBS kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, mwenye unga hazunguki tena kati ya mamlaka mbili kwa bidhaa ile ile. Kikwazo kikubwa kilichobaki ni jengo. Wengi wanazalishia jikoni, mahali familia inapopikia, na hapo mkaguzi hawezi kupitisha. Serikali na halmashauri zikitaka kuona viwanda vidogo vikikua, zijenge vyumba vya kuzalishia vya kukodi kwa bei nafuu, vyenye maji, sakafu inayosafishika na stoo. Mafunzo ya ujasiriamali ya siku mbili hotelini hayajengi stoo.

Neno moja kuhusu ISO 9001, kiwango cha mfumo wa usimamizi wa ubora kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987. Alama ya TBS inathibitisha bidhaa, wakati ISO 9001 inathibitisha namna kampuni inavyoendesha kazi zake. Mwenye kiwanda kidogo asikimbilie huko kwanza. Aanze na alama ya bidhaa, na mfumo utafuata pale wateja wakubwa, kama migodi au wanunuzi wa nje, watakapoudai. Na ajihadhari na matapeli. Shirika la ISO lenyewe, lenye makao Geneva, hutunga viwango tu, halitoi vyeti. Vyeti hutolewa na taasisi za ukaguzi zilizoidhinishwa, baada ya kufika na kukagua. Anayekuahidi cheti ndani ya wiki moja bila kukanyaga kiwandani kwako anakuuzia karatasi.

Tukubali pia kwamba cheti hakimfanyi mtu tajiri. Unga wenye alama bado unahitaji bei inayolipika, mfungashio imara na muuzaji mwenye bidii. Wapo wenye alama ambao biashara zao zimekufa. Lakini sijui bidhaa ya chakula iliyofika kwenye rafu za maduka makubwa, ikakaa huko, bila mtu wa nje kuthibitisha usalama wake.

Kwa hiyo, mjasiriamali unayenisikiliza, usisubiri fomu. Wiki hii nunua daftari na mzani. Andika kila gunia linaloingia na kila bechi inayotoka, jina la aliyeuza na la aliyechanganya. Ukiwa na kurasa za miezi mitatu, nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako ukaombe barua. Na wewe mnunuzi, kabla hujalipia unga wa mtoto, geuza pakiti utafute alama na namba ya bechi, na usipoziona uliza kwa nini hazipo. Swali hilo likiulizwa kila siku dukani, litawapeleka wazalishaji TBS haraka kuliko tangazo lolote la serikali.