Mchanga Umesafiri, Mtoto Hajasafiri

Waraka wa Januari 2025 wa Mdhibiti wa Bajeti wa Kenya, Margaret Nyakang'o, uliwachoma wengi. Ulisema basari za kaunti zisimame mpaka kaunti na serikali kuu ziandikiane makubaliano. Wazazi wa Majoreni, Vanga na Lunga Lunga, huku Kwale, waliuliza karo itatoka wapi, na walikuwa na haki kuuliza. Lakini sisi tuna wasiwasi na mtoto mwingine, yule ambaye hata kabla ya waraka basari haikumfikia.

Amemaliza digrii ya fizikia, akajifungia maabara na mashine ya leza, akaandika utafiti, ukakubaliwa ng'ambo. Kule Trieste, Italia, kituo cha ICTP alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 huwakusanya vijana wa nchi kama zetu kusomeshana elimu ya mwanga. Mikutano mikubwa ya leza nayo huwapunguzia wanafunzi ada, ikawaahidi na nauli. Ahadi tu! Maana mara nyingi nauli hurudishwa baadaye, kwa risiti. Tiketi, utangulize wewe. Bima, utangulize wewe. Viza ya Schengen, yuro 90, utangulize wewe, na ukinyimwa hairudi. Baba yake ni mvuvi. Atangulize nini?

Hapo ndipo linapotuuma lile tusilochoka kulisema. Mchanga wa Kwale umesafiri. Tangu Februari 2014 meli zilikuwa zikiupakia Likoni, mpaka uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Mchanga haukuulizwa taarifa ya benki. Ndani yake mna titani, na leza ya titani iliyobuniwa Marekani mwaka 1982 imejaa maabara za ulimwengu. Sisemi ilitoka kwetu; nasema watoto wetu wana haki ya kuijua. Na Mlima Mrima, hapo jirani, pamoja na msitu wake wa kaya, una madini adimu, neodimi ikiwemo, ile inayotiwa kwenye leza za kukatia chuma na za kutibu macho. Wageni wanaumezea mate. Kesho nao utasafiri. Mtoto hajasafiri.

Wapo watakaosema: mwanafunzi tu, aende kufanya nini? Donna Strickland alikuwa mwanafunzi tu mwaka 1985, alipotoa makala yake ya kwanza ya leza pamoja na mwalimu wake, Gérard Mourou. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa Nobel mwaka 2018.

Sheria ya Madini ya 2016 inaitengea kaunti asilimia 20 ya mrabaha, na jamii asilimia 10. Hatuombi sadaka. Tunataka fungu dogo la kutanguliza: kijana apewe nauli, aende, akasome utafiti wake mbele ya wakubwa wa fani, na akirudishiwa, pesa imtangulie mwenzake. Mchanga umesafiri bila kuombewa harambee. Huyu naye asichangiwe misikitini kama mwenye msiba.

Gavana Achani, na nyinyi wawakilishi wa wadi, mkiketi kuandika mpango wa basari, liandikeni na hili. Nanyi wazazi, wakija kuchukua maoni ya bajeti, msitaje mabati na madawati pekee. Simameni! Semeni nauli ya mtafiti. Semeni tena, na msitoke kikaoni mpaka muione imeandikwa.