Hotuba ya Shukrani Iliyosomwa Tukuyu Mbele ya Wanachama na Wapenzi wa Chama

 

Tumetumwa na wanachama wa kisiwani kuja kutoa shukrani. Tumevuka bahari, tukapanda gari kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, mwendo unaozidi kilomita 800, kisha tukaishika njia ya Kyela kuja kwenu, na mvua ya Rungwe ikatulaki kabla yenu. Mtu hasafiri hivyo kwa ajili ya kusema ahsante na kugeuka. Tuna la kusema, na tunaomba mtuvumilie.

Kiti cha Baraza la Wawakilishi kwa jimbo letu tumekipata. Mnajua kilivyopatikana. Kura zilihesabiwa mpaka alfajiri, zikahesabiwa tena, na tofauti ikabaki ile ile, ndogo. Kisiwani tumekwisha kuwashukuru wapiga kura, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Hapo baadhi ya wenzetu wakaona kazi imekwisha. Ilipotajwa safari ya Tukuyu wakauliza: hao watashukuriwa kwa kura ipi? Hawakupiga hata moja.

Ni kweli, hamkupiga. Ninyi mliozaliwa kwetu mkaja huku kutafuta riziki, sheria yetu ya uchaguzi kwa miaka mingi imemtaka mpiga kura awe amekaa jimboni miezi 36 mfululizo. Mwenye duka Tukuyu hawezi kuitimiza miezi hiyo ila afunge duka. Na yupo miongoni mwenu aliyerudi kisiwani mapema, akasimama mbele ya meza akiwa na cheti chake cha kuzaliwa na kaburi la babake likiwa hatua chache kutoka hapo, akaambiwa hatambulikani. Nanyi wenyeji wa Rungwe, kwetu hamna kura kabisa, wala hamkuitaka.

Lakini mawakala wetu walikaa vituoni tangu asubuhi hadi usiku bila kuondoka. Walikaa kwa sababu walikula, na mchele walioula ulitoka Kyela, ukanunuliwa kwa mchango wenu. Nauli zao zilitoka kwenu. Mwenye biashara hujua kwamba mtaji haukai juu ya kaunta pamoja na bidhaa. Uko nyuma, mteja hauoni, na pasipo huo duka halifunguki.

Wazee wetu wa Pemba wanaukumbuka uchaguzi wa Januari 1961. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Kwa hiyo moja Afro-Shirazi wakapata viti 10, Hizbu 9, na chama cha Watu wa Unguja na Pemba 3; hao watatu wakagawanyika, mmoja huku na wawili kule, ikawa 11 kwa 11 na serikali ikashindikana kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule, na damu ikamwagika. Sasa mtu atuambie, ile kura moja ilikuwa ya nani? Ya mzee aliyepelekwa kituoni kwa baiskeli, au ya mwenye baiskeli?

Hayo ni ya kwetu. Tuseme sasa ya kwenu, maana jawabu ya swali la wenzetu tumeikuta hapa Rungwe.

Mwaka wa 1958 Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Mpiga kura alitakiwa awe na miaka 21, awe amekaa nchini miaka mitatu, na juu ya hayo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Kisha alilazimishwa apige kura tatu: ya Mwafrika, ya Mzungu na ya Mwasia. Pauni 150! Huku kwenye migomba na mibuni, ni wangapi waliozishika fedha hizo? Nchi nzima, penye watu zaidi ya 8,000,000, walioandikishwa hawakufika 60,000.

TANU ilikutana Tabora Januari mwaka huo ikabishana iingie au isiingie. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaunda chama chake. Mara nyingi mkutano ule husimuliwa kama ushindi wa busara, nasi hatubishi. Ila mzigo wake haukuchukuliwa na wajumbe wa Tabora. Uliangukia watu walioambiwa waupiganie uchaguzi usiowahesabu. Mkulima wa Rungwe asiye na pauni wala darasa la nane aliombwa atoe senti zake, ahudhurie mikutano, kisha siku ya kura abaki nyumbani huku karani na mwalimu wakienda kituoni kwa niaba yake. Akakubali.

Septemba 1958 Jimbo la Nyanda za Juu Kusini likapiga kura, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Rungwe, na Kyela siku hizo ilikuwa ndani ya Rungwe. Kiti cha Mwafrika akakipata John Mwakangale wa TANU, mwana wa Wanyakyusa. Katika viti vyote vilivyogombewa nchini, mwaka ule na Februari 1959, hapakuwa na kimoja kilichowaponyoka TANU na waliowaunga mkono.

Hao walioshinda waliwashukuru vipi wasiokuwa na kura? Tazameni uchaguzi wa Agosti 1960. Kura tatu zilikwisha kufutwa. Pauni 150 zilishushwa zikawa 75, na aliyejua kusoma Kiswahili au Kiingereza akaruhusiwa kuandikishwa. Daftari lililokuwa na watu wasiofika 60,000 likapata zaidi ya 800,000. Muda wa miaka miwili tu! Hatusemi deni lote lililipwa siku ile. Asiyejua kusoma alingoja zaidi. Lakini lilianza kulipwa kwa sarafu ile ile lililokopwa, yaani kura.

Basi hilo ndilo tulilotumwa. Mjumbe wetu ametupa neno lake, mbele ya kamati, kwamba atapeleka Barazani hoja ya kuitazama upya ile miezi 36, ili mwana wa kisiwa anayefanya biashara bara asihesabiwe mgeni kwao. Tunawaambia wazi kwamba upande wetu Barazani ni mchache na hoja yaweza kuanguka. Ikianguka itarudishwa. Asipoipeleka kabisa, mna ruhusa yetu kuja kumwuliza, na nauli ya kurudi tutawalipia sisi.

Yapo mawili madogo. Hesabu ya mchango wenu tumeiacha kwa mshika fedha wa tawi, kila shilingi na ilikokwenda. Ikaguliwe leo kabla hatujaondoka, msione haya. Na waliokataliwa kuandikishwa waandike majina yao na mwaka waliokataliwa katika daftari lililo pale mlangoni. Asiyejua kuandika aandikiwe na kijana wake.

Wenyeji wetu wametufundisha neno la kushukuru kwa lugha yao, nasi tumelikariri njiani kama watoto wa chuoni. Ndaga fijo. Gari la Mbeya linaondoka saa tisa, na daftari tunataka turudi nalo.