Baada ya mkesha, nani anabaki na kijana?

Mkesha ukitangazwa chuoni, msikilizaji, ukumbi hujaa. Makongamano ya Pasaka ya UKWATA na CASFETA, jumuiya za wanafunzi Wakristo, hukusanya wanafunzi wa shule nyingi. Anayesema kizazi hiki kimemkimbia Mungu hajawaangalia vizuri. Kiu ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nao Jumatatu, mkesha ukishaisha.

Kijana aliyefiwa, binti aliyepata mimba akiwa shuleni, mhitimu aliyezunguka na bahasha ya vyeti hadi akachoka: hawa huwekewa mikono, wakaombewa, foleni ikasogea. Maombi ni mema, nami nayaamini. Lakini huzuni inayomnyima mtu usingizi inahitaji pia faragha, saa nzima ya kusikilizwa, na mshauri anayejua lini ampeleke hospitali. Wasipompata, watamfuata yeyote mwenye majibu ya haraka. Msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza kufunga hadi kufa, ulikuwa na watu waliokwenda huko wakimtafuta Mungu, na watoto wao.

Tanzania ujuzi wa kumsikiliza na kumshauri mwenye huzuni si mgeni. Hospitali ya KCMC, Moshi, imefundisha wachungaji huduma ya kiroho kwa wagonjwa. Usharika unaochangisha fedha za vyombo vya muziki unaweza kumsomesha mwalimu wake wa kipaimara ushauri nasaha, ukamtengea chumba chenye mlango unaofungwa. Na wanawake wasomeshwe pia, kwani yapo ambayo binti hawezi kumwambia mchungaji mwanamume.