Shuka Zinapolowa: Kibofu cha Mzee na Haya ya Nyumbani



Nimeombwa nizungumzie tezi dume. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na ujanani haizidi ndimu ndogo. Miaka 50 ikipita, kwa wanaume wengi huanza kunenepa na kuubana mrija. Mkojo unakawia kutoka, unakatika njiani, unadondoka mtu akidhani amemaliza, na usiku unamwamsha mara tatu, nne. Hayo mmeyasikia. Leo nitakaa zaidi kwenye dalili moja ambayo nyumba zetu zinaificha: mzee anayelowesha kitanda.

Mke anaziona shuka, anazifua alfajiri kabla wajukuu hawajaamka, hasemi kitu. Baadaye anatandika nailoni chini ya shuka. Mwisho familia inaamua kwamba baba amerudi utotoni, na maji ananyimwa baada ya magharibi. Yeye mwenyewe haumwi popote, na hapo ndipo hatari ilipo. Mara nyingi kibofu cha mzee huyo kimejaa. Mrija umebanwa muda mrefu, kibofu kimezoea kutanuka, hakimalizi kutoa, na usingizini kinachozidi kinafurika. Kwa kawaida mtu hubanwa haja kibofu kikifika mililita 400 hivi; hiki kinaweza kubeba lita nzima na zaidi bila maumivu. Ukimlaza chali utakikuta kimeinuka kuelekea kitovuni, na ukikigonga kwa vidole hakitoi mlio wa tumbo lenye hewa. Shinikizo hilo linarudi juu hadi kwenye figo. Zikianza kushindwa, mzee anapoteza hamu ya kula, anavimba miguu, na ndugu wanasema ni uzee. Kumnyima maji hakumwondolei lolote.

Mtaani kwetu Buyenzi kuna haya ya pili. Anayedondokwa na mkojo huogopa kwamba udhu wake haukai, akaacha safu ya msikitini. Masheikh mliopo mnaijua hukumu ya mwenye udhuru: anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatawadha wakati wa sala ukishaingia, kisha anaswali. Naomba lisemwe mimbarini kwa maneno ya wazi. Mzee akilisikia pale atajua kwamba hali yake inafahamika na kwamba hayuko peke yake, na mtu wa namna hiyo ndiye anayekubali kwenda kupimwa.

Nije kwenye damu katika mkojo, tusije tukaidhania ni kichocho. Kichocho cha bonde la Rusizi na mwambao wetu wa Tanganyika ni cha matumbo. Dalili zake zinaonekana kwenye choo kikubwa. Cha mkojo ni kile cha Unguja na Pemba. Kwa hiyo mzee wa hapa akikojoa damu, tusimpe vidonge vya kichocho tukamrudisha nyumbani. Huenda ni tezi, mawe, maambukizi au saratani, na lazima ijulikane ni kipi.

Saratani ya tezi dume ni ugonjwa mwingine. Tezi iliyonenepa tu haigeuki saratani, ingawa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Rais Mobutu wa Zaire alipasuliwa kwa saratani hiyo huko Lausanne mwezi Agosti 1996, miezi michache kabla Uvira, hapo ng'ambo, haijatekwa. Akafariki Rabat Septemba 1997 akiwa na miaka 66. Mwaka huo huo Askofu Desmond Tutu aligundulika na saratani hiyo, akatibiwa, akaishi hadi Desemba 2021. Mobutu hakukosa fedha. Saratani hii ina sura nyingi, na kwa kuwa mara nyingi huanzia pembezoni mwa tezi, mtu anaweza kukojoa vizuri kabisa huku imeshafika mifupani. Maumivu ya mgongo yasiyokwisha kwa mzee yanastahili kipimo cha damu cha PSA na kidole cha daktari. Kidole hicho kinaogopwa kuliko kisu, nami naelewa kwa nini, lakini hakimalizi hata dakika moja.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Magome ya Prunus africana, mti wa milima yetu ya Kibira, yana nafuu ya kiasi kwa dalili. Hayatibu saratani wala hayaokoi figo. Tamsulosin hulegeza misuli ya shingo ya kibofu ndani ya siku chache, ila inaweza kumtia mzee kizunguzungu akisimama ghafla. Finasteride hupunguza tezi yenyewe, na hiyo inataka subira ya miezi sita. Ambaye figo zake zimeguswa anahitaji mpira wa mkojo kwanza, na pengine upasuaji.

Wahudumu wa afya, mkiingia nyumbani msimuulize mzee mbele ya wakwe na wajukuu. Muulizeni faraghani, na mkewe muulizeni peke yake kuhusu shuka. Ulizeni pia kama amekunywa dawa za mafua, maana baadhi yake huuziba mkojo ghafla. Na mzee ambaye hatoi hata tone, tumbo limekaza, apelekwe hospitali usiku huo huo. Asiambiwe angoje kupambazuke.