Haki ya Msikilizaji Kugeuka: Franco na Masikio ya Goma



Kilichonisimamisha hapa ni kicheko. Mwanafunzi mmoja aliwasilisha mbele ya jopo kazi yake kuhusu jinsi watu wa mji huu wa Goma walivyobadili maoni yao, mwaka baada ya mwaka, juu ya mwanamuziki Franco Luambo Makiadi. Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, akamkatiza: wimbo ni wimbo, chunguza wimbo. Mtu anayemsifu mwimbaji leo na kumtukana kesho hatuambii kitu juu ya mwimbaji, anatuambia tu habari za tumbo lake. Ukumbi ukacheka, na binti akakaa.

Hoja ile ina ukoo mkubwa. Mwaka 1949 Wamarekani wawili, W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley, walionya kwamba anayelipima shairi kwa linavyomtendea msomaji anachanganya shairi na matokeo yake, na mwishowe shairi lenyewe linampotea. Tumeikariri sote kwenye mitihani.   

Wimsatt na Beardsley walikuwa na karatasi mkononi. Shairi lililopigwa chapa hukaa pale lilipo, ukilirudia baada ya miaka kumi unalikuta na koma zake. Sasa nionyesheni alipo Mario wa wimbo wa Franco wa mwaka 1985. Yumo kwenye santuri, sawa: Madilu System anaimba, Franco anasema zaidi ya kuimba, magitaa yanazunguka palepale kama mtu asiyetaka kuondoka kwenye kilio. Lakini habari ya kijana anayelishwa na kuvishwa na mwanamke mwenye mali haikuishia studioni. Kila mtaa ulikuwa na Mario wake, na wimbo ulikamilika pale watu walipogeuza shingo kumtazama aliyeketi meza ya tatu. Ukiwaondoa waliogeuza shingo, wimbo uliobaki ni upi?

Tena hoja yao inadhani kwamba kazi imetulia na msikilizaji ndiye anayeyumba. Kwa Franco mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1966 Mobutu aliwanyonga hadharani wanasiasa wanne mjini Kinshasa, na Franco akatoa Luvumbu Ndoki, wimbo wa Kikongo juu ya mchawi, ambao dola iliuelewa upesi na kuupiga marufuku. Mwaka 1978 alifungwa kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu. Mwaka 1984, Mobutu aliposimama katika uchaguzi akiwa peke yake, mtu yuleyule alimtungia Candidat na biso Mobutu. Mwaka 1987 akawaonya wananchi juu ya ukimwi katika Attention na Sida, kwa sauti ya baba aliyechoka kusema. Alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, taifa liliomboleza. Msikilizaji aliyebaki na maoni yaleyale tangu 1966 mpaka mwaka huo, mimi ningemshauri apimwe masikio.

Na hilo tumbo? Mwenzangu alilitaja kama tusi. Mimi naliita ushahidi, maana soko la Birere, hapa mjini, ndilo lililonunua kaseti za Franco.

Niruhusuni sasa niwaonyeshe hati ambayo hakuna maktaba iliyoiorodhesha. Marehemu shangazi yangu aliuza vikwembe, leo Birere, kesho ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini alikuwa na mazoea ambayo wahakiki wangeyaiga: kwenye kile kikaratasi kinachokaa ndani ya kasha la kaseti aliandika kwa bic mwaka, bei, na neno moja au mawili juu ya mwimbaji. Akibadili mawazo hakufuta. Aliongeza mstari chini, kwa wino aliokuwa nao siku hiyo. Lava ya Januari 2002 ilipopita katikati ya mji alikimbia na sanduku la kaseti kichwani. Godoro aliliacha.

Kikaratasi cha Mario ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kwanza anamsifu Franco kwa kusema kweli. Chini yake, kwa wino mwekundu, analalamika kwamba wimbo unamsamehe haraka mno yule mama aliyemlea Mario kwa hiari yake. Kisha, miaka ya uporaji, mwanzoni mwa tisini, anaandika kwamba sasa Mario amevaa magwanda na haombi tena, anachukua. Wimbo haukubadilika hata noti moja. Ila mwanamke wa sokoni, aliyekuwa akilisha askari wasiolipwa mshahara, alikuwa ameona ndani yake jambo ambalo Franco labda hakulikusudia. Wimsatt atasema hayo hayamo wimboni. Basi na atuambie yamo wapi.

Kaseti ya Candidat ni habari nyingine. Juu ya maneno ya kampeni shangazi alirekodi kwaya ya kanisa, ila akabakiza magitaa ya mwanzo. Mobutu alikuwa na kasri hapahapa, kando ya ziwa; shangazi alikuwa mmoja wa waliopangwa barabarani kumchezea. Alijua anafuta nini, na alijua anabakiza nini.

Kuna jambo ambalo uchunguzi wa wimbo peke yake hauwezi kulifikia: lugha yake. Lingala ilikuwa lugha ya jeshi tangu Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji. Sisi wa mashariki tuliipokea kwa milango miwili kwa wakati mmoja: redioni kwa Franco, na barabarani kwa askari anayedai franga. Sikio lilijifunza kuogopa na kucheza kwa sauti ileile. Mwishoni mwa 1996 AFDL, kundi la waasi la Laurent-Désiré Kabila, iliuchukua mji huu, na Mei iliyofuata ilikuwa Kinshasa, ambako Kiswahili kikageuka kuwa lugha ya mwenye bunduki. Kwenye kaseti moja ya Franco, miaka hiyo, shangazi anaandika kwamba siku hizi wanaodai fedha wanadai kwa Kiswahili, na kwamba Lingala imeanza kumpendeza upya.

Nimezipima pingamizi. Mwanamke mmoja si mji. Mwandiko haukuandikwa kwa ajili yetu. Bob White, katika kitabu chake Rumba Rules cha mwaka 2008, ameonyesha kwa makini jinsi kutupa majina ya wakubwa ndani ya nyimbo, libanga kama wanavyoiita, kulivyokuwa sehemu ya riziki na ulinzi wa wanamuziki. Kwa hiyo sifa kwa Mobutu zisomwe kwanza kama biashara. Nakubali yote. Hata hivyo White alisikilizia Kinshasa, na nashikilia kwamba hakuna aliyempima Franco vizuri kuliko mchuuzi wa Goma, aliyemsikia katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo na alikuwa na sababu ya kuiogopa. Wenzangu wa Kinshasa watanisamehe, au wasinisamehe.

Kwenu ninyi vijana swali liko karibu zaidi. Mwimbaji Innoss'B alizaliwa mji huu mwaka 1997, na wimbo wake Yope, aliourudia na Diamond Platnumz mwaka 2019, umefika mbali kuliko sisi sote tuliomo humu. Nawasikia kwenye ngazi: wengine wanamwita mtoto wetu, wengine wanasema Kinshasa imetunyang'anya, na wasemaji wanabadilishana zamu. Simu zenu hazina kikaratasi cha ndani. Mkifuta wimbo, maoni yameenda nao. Yaandikeni, na mwaka pembeni, kisha mniletee. Nitataka pia kujua siku hiyo askari wa barieri ya njia ya kwenu alikuwa akiongea lugha gani.